Mkono Umetulia, Shamba Linauzwa

Mgonjwa wa Parkinson anapopata dawa inayomfaa, nyumba nzima hufurahi. Mkono uliokuwa ukimwaga chai unatulia. Miguu iliyokuwa ikigoma mlangoni inavuka kizingiti bila kusukumwa. Uso uliokuwa umekauka unacheka tena, na jirani akipita anasema mzee amerudia ujana. Kisha, ndani ya miezi hiyohiyo ya nafuu au miaka michache baadaye, baadhi ya wagonjwa huanza mambo wasiyokuwa nayo: kubeti kwenye simu mpaka alfajiri, kununua vitu visivyo na kazi, kula bila kiasi, kumsumbua mwenza kitandani, kugawa fedha kwa kila anayeomba, au kushinda wakifungua na kufunga redio ileile. Watu wa nyumbani hawayaunganishi mambo haya mawili. Kwa nafuu anashukuriwa daktari, kwa madeni analaumiwa mgonjwa.

Yote mawili yanaweza kuwa yametoka katika kidonge kimoja. Madaktari wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka 20 sasa, limeandikwa katika karatasi zinazokunjwa ndani ya visanduku vya dawa, na mahakama za Marekani na Ufaransa zimelitolea hukumu. Hata hivyo familia nyingi hulitambua baada ya shamba kuuzwa au ndoa kuvunjika. Naona sababu kubwa ya kuchelewa ni namna tunavyouliza. Mtu akibadilika, sisi huuliza amekuwa mtu wa namna gani: amelogwa, amezeeka vibaya, amepata rafiki mbaya, au ndiyo tabia yake aliyokuwa akiificha siku zote. Swali lenye faida zaidi ni fupi na kavu. Ilianza lini, na dawa ilibadilishwa lini?

Parkinson ni ugonjwa wa seli zinazokufa polepole katika eneo dogo la sehemu ya chini ya ubongo, seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Tabibu wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817 kwa kutumia wagonjwa sita, baadhi yao akiwa amewaona barabarani tu. Ilipita karibu karne moja na nusu kabla ya kujulikana kilichopungua. Mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kazi ya dopamini mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 huko Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga wagonjwa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha kwamba levodopa ikimezwa kwa kiasi kikubwa kinachopandishwa taratibu huwainua hata waliokwisha kukata tamaa. Mpaka leo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu. Baadaye likaja kundi la pili, la dawa zisizogeuka kuwa dopamini bali zinazoigiza kazi yake kwa kugusa vipokezi vilevile vya ubongo: bromokriptini, pergolidi, na tangu 1997 huko Marekani, pramipeksoli na ropiniroli. Humu nitaziita dawa igizi.

Shida inaanzia hapo, kwa sababu dopamini haishughulikii mwendo peke yake. Njia moja ya ubongo huitumia kuamrisha viungo. Nyingine huitumia kupima tamaa, kusubiri zawadi, na kujifunza lipi lirudiwe na lipi liachwe. Katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, njia ya mwendo ndiyo iliyoharibika zaidi, na ile ya tamaa ingali na sehemu kubwa ya dopamini yake. Dawa haichagui njia. Kiasi kinachotosha kuifufua ile iliyokauka huifurisha ile iliyokuwa bado na maji. Tena dawa igizi, hasa pramipeksoli, hupenda aina ya vipokezi ambavyo ni vingi zaidi upande wa tamaa.

Jaribio moja linaeleza vizuri kinachotokea. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapa wagonjwa wa Parkinson mchezo wa kuchagua alama, ambamo baadhi ya alama hushinda mara nyingi na nyingine hupoteza mara nyingi. Wagonjwa ambao hawakuwa wamemeza dawa walijifunza zaidi kutokana na kupoteza. Wakishameza, walijifunza zaidi kutokana na kushinda. Kwa kawaida mtu akipata hasara, dopamini hushuka kwa kitambo, na kushuka huko ndiko kunakomwambia asirudie. Dawa inayovigusa vipokezi saa zote huliziba onyo hilo. Mgonjwa anaweza kujua kwa hesabu kwamba amepoteza, akaandika hata kwenye daftari, na bado hasara hiyo isimguse pale inapopaswa kumzuia. Mwenye kumlaumu kwamba hajifunzi amesema kweli bila kujua amesema kweli ya aina gani.

Kamari ndiyo iliyolitoa jambo hili hadharani. Mwaka 2003 madaktari wa kituo kimoja cha Phoenix, Arizona, walipitia kumbukumbu za mwaka mzima za wagonjwa 1,884 na kukuta tisa walioingia katika kamari ya kuharibu maisha. Wote tisa walikuwa wakitumia dawa igizi, wengi wao pramipeksoli. Kituo hicho kina jina la Muhammad Ali, bondia aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 na miaka kumi baadaye akaambiwa ana ugonjwa huu. Miaka miwili baada ya taarifa ya Phoenix, madaktari wa Mayo Clinic wakaeleza wagonjwa wengine 11, nao wote wakitumia dawa za kundi hilohilo.

Tisa katika 1,884 ni wachache sana, na wengi waliosoma idadi hiyo waliona ni ajali ya nadra. Lakini hao tisa walipatikana katika mafaili, yaani ni wale ambao tayari walikuwa wamesema au wamesemewa. Walipoanza kuulizwa ana kwa ana, hesabu ilibadilika. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2010, ukiongozwa na Daniel Weintraub, uliwahoji wagonjwa 3,090 katika vituo 46 vya Marekani na Kanada, na asilimia 13.6 walikuwa na angalau tabia moja kati ya nne: kamari, ununuzi, ngono au ulaji usiozuilika. Kwa waliokuwa wakitumia dawa igizi ilikuwa asilimia 17.1, kwa wasiozitumia 6.9. Mfadhili wake alikuwa mtengenezaji wa pramipeksoli mwenyewe, kampuni ya Boehringer Ingelheim, kwa hiyo ni vigumu kusema matokeo yalikuzwa ili kuichafua dawa. Kisha mwaka 2018 Wafaransa wakaleta picha nyingine. Waliwafuatilia wagonjwa 411 mwaka baada ya mwaka, na ilipofika miaka mitano karibu nusu walikuwa wamewahi kupata tabia mojawapo. Miongoni mwa waliowahi kutumia dawa igizi ilikuwa kama nusu. Miongoni mwa ambao hawakuzigusa kabisa, kama mmoja katika wanane.

Namba hizi hazipingani. Utafiti wa Marekani na Kanada uliuliza hali ilivyo sasa, wa Wafaransa uliuliza kama tabia hizi zimewahi kutokea katika miaka yote ya kufuatiliwa. Anayemwambia mgonjwa kwamba hatari ni ndogo na anayemwambia ni nusu kwa nusu wote wana namba ya kuonyesha. Mimi ningemwambia ya pili, kwa kuwa dawa hizi hunywewa kwa miaka.

Je, si ugonjwa wenyewe unaomgeuza mtu? Kuna ushahidi wa pande mbili unaolipunguza nguvu wazo hilo. Mwaka 2013 timu ya Weintraub iliwalinganisha wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa na watu wazima wasio na Parkinson, na haikuona tofauti katika tabia hizi. Upande wa pili, watu wasio na Parkinson kabisa, wanaopewa dawa igizi kwa sababu ya miguu isiyotulia usiku au uvimbe katika tezi ya pituitari, nao wamekutwa na kamari na tamaa zilezile. Ugonjwa unaweza kuandaa njia, lakini bila dawa hali hii kwa kawaida haionekani.

Mahakamani hoja ilikuwa hiyohiyo, pamoja na swali la nani alijua nini na alisema lini. Mwaka 2008 jopo la raia mjini Minneapolis liliamua mgonjwa mmoja aliyepoteza mali yake kwa kamari alipwe zaidi ya dola milioni 8 na kampuni zilizouza pramipeksoli. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Rennes, Ufaransa, iliiamuru GlaxoSmithKline imlipe mgonjwa aliyetumia ropiniroli karibu euro 200,000, kwa kamari na tabia za ngono zilizomvuruga yeye na nyumba yake. Onyo la wazi kwenye karatasi ya dawa lilichelewa. Majaribio ya mwanzo yalihesabu kichefuchefu, usingizi na kuona vitu visivyokuwepo. Kamari haikuwa katika orodha ya maswali, na jambo lisiloulizwa halihesabiki.

Tukirudi nyumbani kwa mgonjwa, ugumu ni kwamba kila tabia huja imevaa sura ya jambo linalojulikana. Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka, aonekane, achelewe kurudi. Leo mzee asiyeweza kufunga vifungo vya shati anaweza kuweka mkeka wa kubeti akiwa kitandani, akalipa kwa simu, akakopa kwa simu hiyohiyo mkeka ukichanika. Mkewe anaona mwanga wa simu saa tisa usiku na kudhani ni kukosa usingizi, ambako kweli ni dalili ya Parkinson. Ushahidi hauko usoni mwake. Uko kwenye ujumbe wa miamala. Wengi huvutiwa na michezo ya haraka inayojirudia, ya kubonyeza na kupata jibu papo hapo, kuliko ile ya kungoja matokeo ya Jumamosi. Anayetaka kujua aangalie saa za miamala na mfululizo wake, si ukubwa wa dau moja.

Ununuzi nao hujificha vizuri, hasa kwa mtu aliyezoea kuhudumia wengine. Mama anarudi sokoni na vitenge vitatu, kesho vinne, na vyote vinabaki ndani ya mfuko. Lakini tabia ninayoiona ngumu kuliko zote kutambuliwa kwetu ni ukarimu uliopita mpaka. Madaktari wa London walieleza mwaka 2010 wagonjwa waliogawa fedha zao bila kujizuia. Katika jamii ambamo mchango wa harusi, matanga, msikiti au kanisa ndiyo heshima ya mtu, nani atamwambia mzee kwamba kutoa kwake ni dalili ya ugonjwa? Atasifiwa. Watakaoanza kusikitika ni wajukuu wasiolipiwa ada.

Ngono ni mahali ambapo aibu hufunga midomo yote miwili. Mume aliyekuwa kimya kwa miaka anaanza kudai kila usiku na mchana, anakasirika akikataliwa, anatazama picha ambazo hakuwahi kuzitazama, anatafuta wanawake nje, au ghafla anatangaza kuoa mke wa pili. La mwisho hili, katika nyumba ambazo ndoa ya mitala inaruhusiwa, halishangazi mtu. Mke anaweza kumweleza dada yake au kungwi wake. Hatamweleza daktari kijana anayelingana na mwanawe, tena mume akiwa amekaa pembeni. Mgonjwa naye hatasema. Matokeo yake ni kwamba jambo linalohitaji kupunguziwa dozi linapelekwa kwa wazee wa ukoo au kwa kadhi, nao wanalisikiliza kama ugomvi wa ndoa. Wanaume hupatwa zaidi na tamaa ya ngono, wanawake zaidi na ununuzi na ulaji, lakini mgawanyo huo si ukuta. Wapo wanawake waliopatwa na tamaa hiyo, na kwao lawama huwa kali maradufu.

Ulaji unasemeka kwa ufupi. Wagonjwa wengi wa Parkinson hupungua uzito, hivyo anayeongezeka haraka na kuamka usiku kutafuta vitu vitamu anapaswa kuulizwa. Tatizo ni kwamba kwetu kunenepa bado huonekana ni kupona.

Kuna tabia nyingine ambayo haimo katika zile nne na haimharibii mtu mali, ila humlia muda wake wote. Mwaka 1972 mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Sweden, Gösta Rylander, aliieleza kwa watu waliotumia vibaya dawa za kuchangamsha ubongo: walikaa saa nyingi wakipanga, wakipangua, wakifungua na kukusanya vitu bila lengo. Baadaye ikaonekana kwa wagonjwa wa Parkinson wanaotumia dozi kubwa, levodopa ikiwemo. Mara nyingi hufuata kazi aliyoizoea mtu. Fundi atafungua redio asiifunge, mshonaji atachambua vifungo kwa rangi na kuvichanganya upya, karani atapanga karatasi usiku kucha. Mwenyewe anaweza kukiri kwamba haina maana, lakini inamtuliza, na akikatizwa anakasirika kuliko jambo linavyostahili. Husahau kula, na wengine husahau hata kwenda haja. Familia huipenda mwanzoni. Mzee amepata shughuli.

Hapo pana mtihani wa haki kwa mwandishi yeyote wa mambo haya, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hupata shughuli kweli. Wapo walioanza kuchora au kutunga mashairi baada ya kuanza dawa, na mwaka 2001 iliripotiwa habari ya mgonjwa ambaye kipawa cha ushairi kiliibuka wakati wa matibabu. Watafiti wa Italia walipowachunguza wagonjwa wa namna hii mwaka 2012 hawakuona kwamba ubunifu wao unaambatana na tabia za msukumo. Kwa hiyo si kila shauku mpya ni dalili. Mtu anayechora akaacha chakula kikiiva, akaenda kulala saa ya kulala, na kesho akaendelea, mwacheni achore.

Mwishowe kuna wale ambao kitu wanachokitamani ni dawa yenyewe. Hawa humeza kabla ya saa, huficha vidonge, hulalamika kwamba dozi haitoshi ingawa tayari wanayumba na kujinyonganyonga kwa sababu ya dawa iliyozidi, na huenda kwa madaktari wawili bila mmoja kujua habari za mwenzake. Hapa mhusika mara nyingi ni levodopa au dawa nyingine zinazofanya kazi haraka. Nyumbani dalili ya kwanza huwa vidonge vya mwezi kwisha siku ya ishirini.

Nani aangaliwe kwa karibu zaidi? Utafiti wa Weintraub wa 2010 ulionyesha hatari kubwa kwa walio na umri wa miaka 65 au chini, wasio na mwenza, wavutaji sigara, na wale ambao ndugu zao waliwahi kuwa na tatizo la kamari. Orodha hiyo inasaidia, lakini ina hatari yake: daktari anaweza kumwona mama wa kanisani wa miaka 70 na kutouliza. Wengi walioanguka hawakuwahi kushika karata.

Kuuliza kwenyewe kuna ustadi. Lipo dodoso liitwalo QUIP, lililochapishwa 2009, ambalo mgonjwa au mtu anayemtunza anaweza kulijaza. Hata bila dodoso, swali la jumla kama "una tatizo lolote la tabia?" halizai kitu, maana anayeulizwa haoni tatizo au anaona aibu. Swali liwe la jambo mahususi, na lianze kwa kuiweka lawama kwenye dawa: "Mzee, dawa hii niliyokuongezea mwezi wa tatu huwafanya baadhi ya watu wapende kubeti, au kununua, au kula usiku, au kumtaka mwenza kuliko zamani. Siyo kosa lao. Kwako imekuwaje?" Halafu aitwe mkewe, peke yake: "Mama, tangu aongezewe dawa, kuna jambo anafanya sasa ambalo zamani hakulifanya? Usiku anafanya nini? Fedha zinakwenda wapi?" Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba mgonjwa hutaja machache kuliko aliye karibu naye.

Majibu yakipatikana, yapangwe kwa tarehe. Karatasi moja inatosha: upande mmoja siku ambazo dawa ilianza, ikaongezwa au ikabadilishwa, upande mwingine siku ambazo mambo yalianza kuonekana. Aliyekuwa akicheza bahati nasibu kila wiki tangu ujana na anaendelea vilevile hana dalili mpya. Aliyeanza miezi kadhaa baada ya dozi kupandishwa anayo, hata kama kiasi anachocheza ni kidogo. Ukaribu wa tarehe haumalizi hoja. Shida ya akili ya uzeeni inaweza kumfanya mtu apoteze staha, na ugonjwa wa akili wa kupanda hisia huleta matumizi ya kupindukia pamoja na maneno mengi na kutolala kabisa. Lakini anayesahau njia ya nyumbani na anayejua njia vizuri na kuitumia kwenda kukopa ni wagonjwa wawili tofauti.

Huku kwetu Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya tatizo ni ya kinyume: dawa hazijafika. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipitia jamii ya watu zaidi ya 161,000 na kukuta wagonjwa 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa kwamba wana Parkinson. Levodopa ikipatikana huwa ghali kwa mkulima, na dawa igizi ni ghali zaidi, kwa hiyo kwa sasa tabia hizi zitaonekana zaidi kwa wenye bima, wanaotibiwa hospitali kubwa za mijini, au wanaotumiwa dawa na watoto walioko Ulaya, Marekani au Ghuba. Hao wa mwisho ndio wanaonitia wasiwasi. Dawa imeandikwa na daktari wa mbali, anayeongeza dozi hamwoni mgonjwa, na anayemwona mgonjwa hajui dozi imeongezwa. Mtoto aliyeko Muscat au Toronto husikia kwenye simu sauti ya baba iliyochangamka na kuamini mambo ni mazuri.

Kwa wasiomudu vidonge, upupu nao una habari yake. Mbegu za mmea huu, ambao wengi wetu tunaujua kwa kuwasha ngozi, zina levodopa ya asili, na mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, ambamo unga wa mbegu hizo ulifanya kazi isiyopungua ile ya dawa ya kiwandani. Ni habari ya matumaini kwa maskini. Ila levodopa ya mbegu ni levodopa: kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na anayeichanganya na vidonge bila kumwambia daktari ameongeza dozi ambayo haitaandikwa kwenye ile karatasi ya tarehe. Wauzaji wa dawa za asili wanaposema haina madhara kwa sababu haikutoka kiwandani, wanakosea.

Tabia ikishatambuliwa, kosa la kwanza ambalo familia hufanya ni kumnyang'anya mgonjwa vidonge. Ni kosa la hatari. Levodopa ikikatwa ghafla inaweza kuleta mkakamao wa mwili wote, homa kali na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hali hiyo. Dawa igizi zikiachwa ghafla, na wakati mwingine hata zikipunguzwa polepole, baadhi ya wagonjwa hupata hofu kali, huzuni, jasho, maumivu na kiu ya kuirudia dawa. Christina Rabinak na Melissa Nirenberg waliieleza hali hii mwaka 2010. Kupunguza ni kazi ya daktari, kwa hatua, mara nyingi kwa kuishusha dawa igizi huku levodopa ikijaza pengo la mwendo. Mgonjwa atalipa kitu, na aambiwe hivyo mapema: mkono unaweza kurudia kutetemeka kidogo. Wafaransa waliowafuatilia walioacha dawa igizi waliona kwamba baada ya mwaka mmoja kama nusu yao walikuwa wametulia, jambo linalomaanisha nusu nyingine walikuwa bado. Mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili mienendo yalisaidia katika jaribio moja la London lililochapishwa 2013, ingawa mtaalamu wa namna hiyo hapatikani kila wilaya.

Wakati dawa inapungua, mali ilindwe, na ilindwe kwa makubaliano siku ambayo mzee ametulia, si kwa kumvizia. Laini ya simu yenye fedha ikae kwa binti, kiwango cha miamala kishushwe, akaunti za kubeti zifungwe, hati ya kiwanja itoke sandukuni kwake. Sheria inatoa msaada fulani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Kenya ina Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 yenye zuio kama hilo. Sheria ya Kiislamu nayo tangu zamani ina utaratibu wa kumwekea mtu asiyeweza kusimamia mali yake msimamizi, kwa ajili ya kumhifadhi yeye na mali hiyo. Hakuna kati ya hizi iliyotungwa kwa ajili ya Parkinson, na zote hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na barua ya daktari yenye jina la dawa, dozi na tarehe.

Wapo ambao hawawezi kuachishwa. Kila wakipunguziwa zaidi ya nusu wanazama, na kubaki na nusu ya dozi ndiyo njia pekee ya kutembea. Kwa nyumba hizo ulinzi wa fedha si wa muda, na mazungumzo kuhusu kitanda hayamaliziki kwa mkutano mmoja. Wafaransa waliona wagonjwa wapya wakijitokeza mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo aliyejibu kwamba hana kitu mwanzoni mwa matibabu aulizwe tena kila dozi inapopanda, na anayelala naye chumba kimoja aulizwe pia, mlango ukiwa umefungwa.